Afande Kidega na Mashine Zinazofunguka

Filda Aryemo alijua kilichoziua zile mashine mbili za oksijeni, na kwa zaidi ya mwezi alikuwa amekaa na jambo hilo moyoni bila kumwambia hata mumewe. Mtu mwingine mmoja tu hospitalini alilijua. Naye huyo, fundi Kidega, hakuwahi kulitamka.

Filda alikuwa mfagiaji wa wodi ya kifua kwa mwaka wa kumi na moja. Mumewe Rajab alikuwa polisi mstaafu, na watoto wao walikulia katika kambi ya polisi, mahali ambapo Mwacholi, Mlugbara na Mteso wanagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Huko kambini Filda alijulikana kwa mikono yake. Nusu nzima ya nyumba zilikuwa na vitambaa alivyofuma yeye: juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya viti vya wageni. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyoamini.

Mwaka jana binti yake Ayot, aliyekuwa na miaka ishirini, alishikwa na nimonia. Filda alisimama kando ya kitanda na fagio lake mkononi, akitazama mbavu za mwanawe zikizama kila alipovuta pumzi. Sista Jamilah, mkuu wa wodi, aliagiza Ayot awekwe kwenye hai-flo. Si kama ule mrija wa kawaida unaopitisha pumzi nyembamba puani. Mashine hii huvuta hewa ya chumbani, huichanganya na oksijeni, huipitisha juu ya maji ya moto mpaka ipate unyevu, kisha huisukuma puani kwa nguvu, lita arobaini au hamsini kwa dakika. Hospitali ilikuwa nazo mbili, zilizoletwa kama msaada, nyeupe, laini, zisizo na kelele. Siku nne Ayot alipumua kwa mashine. Siku ya tano aliomba sahani ya katogo, ndizi za kupikwa na mchuzi.

Filda hakuwa na zawadi ya kumpa mashine, ila mikono yake. Alifuma kitambaa cha buluu na nyeupe, akaipima mashine kama fundi cherehani anavyompima mtoto wa shule, akaacha tundu la kioo na tundu la bomba. Kilikaa sawasawa. Sista Jamilah alikipenda hata akaomba cha pili kwa ajili ya ile mashine nyingine. Wageni walipiga picha. Hakuna aliyeuliza mashine inavutia hewa wapi.

Ya kwanza ilikufa wakati wa Kwaresima. Ya pili ilifuata wiki ya Pasaka, ikiwa imemshikilia dereva wa boda wa miaka thelathini. Walimtia kwenye ambulansi wampeleke kwingine. Filda ndiye aliyetandua kitanda chake, na jioni akasikia kwamba hakufika.

Ndipo Kidega alipozichukua.

Kidega alikuwa mtu wa Kitgum, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mvi zinazoanzia masikioni. Alikuwa askari wa mawasiliano, mtu wa redio, mpaka mgongo ulipomtoa jeshini. Alisoma kozi ya mitambo ya hospitali akiwa na umri wa kuwa baba wa wenzake darasani. Sasa alikaa Namuwongo, Kampala, karibu na reli, na kila asubuhi alipanda mlima kwa miguu akiwa na muhogo wa kuchemsha na odii, siagi ya karanga na ufuta, kwenye mfuko wa plastiki. Wote walimwita Afande. Karakana yake ilikuwa chini ya ngazi, na nyuma yake palikuwa na stoo ambayo manesi waliiita mochari ya mashine, kwa sababu humo zililala mashine kumi na sita zilizoletwa kwa hotuba na kufa kimya.

Filda alikuwa akifagia karakana kila Alhamisi, na alipenda kumtazama akifanya kazi. Kidega alitandika blanketi la jeshi mezani, kisha akaweka trei ya mayai pembeni. Kila skrubu iliyotoka iliingia kwenye shimo lake, na kila shimo lilikuwa na namba. Kabla ya kugusa chochote, iwe friji ya chanjo au pasi ya mpishi, aliuliza swali moja.

"Inapumulia wapi?"

Mtu akimcheka, alijibu kwamba kila kitu kinachofanya kazi kinapumua mahali fulani, hata saa ya ukutani, na kwamba fundi asiyejua pua ya mashine asimtibu tumbo.

Zile mbili zilimsumbua. Skrubu zake zilikuwa na vichwa ambavyo bisibisi yoyote ya Kampala haiingii. Aliiandikia kampuni iliyozitengeneza, akajibiwa kwamba zitumwe. Aliandika tena, akaambiwa asubiri. Mwezi wa pili wa kusubiri alichukua spoku ya baiskeli, akaisugua kwenye tupa siku tatu mpaka ikapata umbo la kile kichwa, akafungua. Alhamisi hiyo Filda alipoingia na ndoo, aliona mashine imelala vipande vipande juu ya blanketi. Katika trei ya mayai, shimo la tisa, palikuwa na kifundo cha manyoya ya uzi. Ya buluu na nyeupe.

Kidega aliinua macho. Alimtazama yeye, akaitazama trei.

"Mama Ayot," alisema, "hapo chini usimwage maji mengi. Kuna waya."

Akaendelea na kazi. Vitambaa viwili vilirudi kwenye kabati la mashuka vikiwa vimefuliwa na kukunjwa, na hakuna aliyesema ni nani aliyevifua. Filda alisubiri aitwe ofisini. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kila Kidega alipokohoa karibu yake, alisimamisha fagio akingoja neno.

Kisha ikaja habari kwamba hospitali imepata fungu la kununua hai-flo tano mpya. Daktari Abubaker, mkurugenzi, aliita wauzaji wawili waje na mashine zao wodini Jumatatu, na akamtaka Kidega awepo. Wiki hiyo Kidega alimwambia Filda neno ambalo hakuwa ameuliza. Alikuwa anakula muhogo wake kwenye ngazi.

"Nina miaka minne ya kazi imebaki. Wakinunua tena zisizofunguka, miaka hiyo minne nitakuwa mlinzi wa makaburi. Nataka zinazofunguka, Mama Ayot. Hata zikiwa mbaya sura."

"Watakusikiliza, Afande?"

"Daktari ni mtu wa sababu. Ukimpa sababu, anasikia."

Filda alienda kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi tayari.

Jumatatu saa nne walikusanyika katika chumba cha manesi. Filda alikuwa na kazi ya chai. Muuzaji wa kwanza alikuwa Travis Oloo, Mkenya mwenye suti ya kijivu na maneno mepesi. Mashine yake ilikuwa ndugu wa zile zilizokufa, ila mpya zaidi, na kioo kikubwa. Wa pili alikuwa Phelister Nangila, Mkenya pia, aliyekuja kwa boda akiwa ameipakata mashine yake kama mtu anayepeleka mbuzi kliniki. Yake ilikuwa na sura ya debe.

Kidega alitandika blanketi lake mezani. Juu yake aliweka bisibisi mbili, koleo, na brashi ya kupaka rangi.

"Kila mmoja afungue yake," alisema. "Kwa hivi vilivyo mezani tu."

Travis akacheka. "Afande, huyu hafunguliwi. Akiugua, mnapiga simu, kampuni inamchukua."

"Inampeleka wapi?"

"Nairobi. Ikibidi, ng'ambo."

"Na mgonjwa tunamtuma naye?"

Sista Jamilah aliingiza uso kwenye kikombe. Travis hakukasirika.

"Afande, na wewe jino likiuma, huendi kwa daktari na koleo lako. Kuna vitu vya kuachia wenyewe."

Phelister alikuwa ameshaanza. Alifungua taratibu, jasho likimtoka puani. Skrubu moja ilimponyoka, ikaviringika hadi chini ya kiti cha mkurugenzi, na Daktari Abubaker mwenyewe akainama kuitafuta. Lakini alifungua. Alitoa feni, akatoa bamba la kupashia maji, akavipanga juu ya blanketi, akavirudisha, akawasha. Debe likavuma.

"Kama jenereta ya jirani yangu," Sista Jamilah akasema. "Wagonjwa wangu watalala saa ngapi?"

"Sista, hawalali hata sasa," Kidega akasema, "ukipita na hivyo viatu."

Wakacheka, lakini Filda, aliyekuwa akitazama nyuso badala ya mashine, aliona macho ya Daktari yakirudi kwenye kile kioo kikubwa. Manesi walikwisha kuizoea mashine ya namna ile. Haikuwa na kelele. Ilisafishika kwa kupanguswa mara moja. Hata yeye, kama angeulizwa kwa haraka, angeichagua.

Daktari alifungua faili. "Kidega, kabla hatujaamua. Ripoti yako ya zile mbili inasema feni zimeungua. Ziliungua kwa nini?"

"Zilikosa hewa, Daktari."

"Kwa nini?"

"Kichujio kiliziba."

"Kiliziba na nini?"

Kidega alitazama blanketi lake. Alilinyoosha mahali ambapo halikuwa na mkunjo.

"Vumbi," alisema.

Travis aliweka kikombe chini kwa adabu. "Samahani, Daktari. Mashine hizi ziko hospitali nyingi, mwaka wa tatu, vumbi ni lile lile la Kampala. Hazijaungua. Kama hapa Afande hajui vizuri kilichotokea, basi hata akipewa ya kufungua, atafungua atafute nini?"

Filda aliona shavu la Kidega likicheza. Jibu alikuwa nalo mdomoni, na alikuwa analibana kwa meno kwa sababu lilikuwa na jina la mtu. Akiendelea kulibana, mashine zisizofunguka zitarudi wodini, na baada ya mwaka zitashuka ngazi kwenda mochari, na kitanda kingine kitatanduliwa. Filda alifikiria mshahara wake. Alifikiria ada ya mwanawe wa mwisho. Chupa ya chai ilikuwa nzito mkononi.

"Daktari," alisema, "naomba ruhusa."

Wote waligeuka. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno katika chumba kile, isipokuwa "inueni miguu".

"Si vumbi. Ni uzi wangu. Mimi nilizifumia mashine nguo, kwa sababu ya mtoto wangu. Nguo ilikaa mgongoni pale zinapovuta hewa. Afande aliukuta uzi ndani. Hakusema kwa sababu yangu."

Sista Jamilah alijitazama vidole.

"Cha pili niliomba mimi," alisema Sista. "Na mimi ndiye niliyesomea."

Travis alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Filda zaidi. "Pole, mama. Lakini Daktari, umesikia mwenyewe. Mashine haikuwa na kosa. Watu wafundishwe, basi."

Daktari Abubaker aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa sababu. Filda alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa imempa ushindi Travis.

Kidega alisimama.

"Daktari, alichosema ni kweli. Kutoandika ni kosa langu, na adhabu yake niandikie mimi. Sasa naomba dakika kumi na tano."

Alitoka, akarudi na trei ya mayai. Alikichukua kile kifundo cha uzi kutoka shimo la tisa, akakigawa mara mbili.

"Watu tutawafundisha," alisema. "Mwaka huu tutamfundisha Mama Ayot. Mwakani atakuja mwingine na leso. Mgonjwa atatundika koti. Paka atalala hapo, maana pana joto. Mimi nataka kujua mashine itasema nini siku hiyo, na itamwambia nani. Travis, yako inapumulia wapi?"

"Afande, hii ni ya maonyesho."

"Na hii ni wodi."

Daktari alimtazama Travis. Travis akageuza mashine yake, akaonyesha mipasuko myembamba mgongoni. Kidega aliusukumia uzi humo kwa brashi, kisha akafanya vivyo hivyo ubavuni mwa debe la Phelister. Ziliwashwa zote mbili. Sista Jamilah alishika saa.

Dakika ya sita debe lilipiga kelele mbaya, na kwenye kioo chake kidogo ikaja picha ya kichujio, nyekundu. Mashine ya Travis iliendelea kimya, kwa heshima zote. Dakika ya kumi na mbili iliandika herufi na namba tatu.

"Inasema nini?" Daktari akauliza.

Travis alitoa simu, akapekua kitabu chake humo, akasoma. "Angalia njia ya hewa."

"Iko wapi?"

"Ndani."

"Tunaifikiaje?"

Travis akaanza kucheka mwenyewe. "Nairobi," alisema, na chumba kizima kikacheka naye. Aliizima haraka kabla haijapata joto.

Sista Jamilah alinyoosha mkono kwenye lile debe linalolia. Kidega akamzuia.

"Sista, wewe utakuwa na wagonjwa ishirini. Mama Ayot, njoo."

Filda aliweka chupa ya chai chini. Picha ilionyesha mshale; akaufuata kwa kidole. Kilikuwa kijidroo ubavuni, kama cha cherehani. Alivuta. Kichujio kilitoka na manyoya yake ya buluu, na mashine ikapunguza kelele kidogo kama inayosubiri. Alikipeleka kwenye sinki, akakiosha, akakikung'uta. Halafu akasimama.

"Nikirudishe kikiwa kimelowa?"

"Hapana, mama," Phelister alisema, na uso wake ulionyesha kwamba angetamani kuulizwa hivyo na kila mteja. "Hicho kikauke. Weka hiki cha akiba."

Akaweka. Alamu ikakoma, debe likavuma kama mwanzo.

"Dakika mbili kasoro," Sista akasema, akitazama saa.

Kidega sasa alifanya jambo ambalo Filda alilisimulia nyumbani mara nyingi baadaye. Alianza kuisema vibaya mashine aliyoitaka. Ina kelele, na hiyo ataipunguza kwa miguu ya mpira wa tairi, lakini haitaisha. Ni nzito. Inachelewa kupasha maji moto. Kitambuzi chake cha oksijeni kitachakaa na lazima kibadilishwe. Alimgeukia Phelister: mabamba ya kupashia mnayo mangapi hapa Kampala, si kwenye meli, hapa?

"Matatu," alisema Phelister.

"Yawe kumi kabla ya kulipwa. Na feni tano. Na kitabu cha ufundi, kizima, kwenye karatasi. Na mabomba ya kampuni yoyote yaingie, si yenu peke yake."

"Mabomba yanaingia tayari. Kitabu nitaleta kesho."

Daktari Abubaker alifunga faili. "Tano za Phelister. Kwa masharti hayo." Kisha akamtazama Filda, na Filda akashika ukingo wa meza. "Vitambaa wodini ni marufuku. Na vichujio vya kila Jumatatu ni vyako. Fundi atakufundisha, iandikwe."

Travis alikuwa anafunga mashine yake kwenye sanduku. "Mama, nasafiri na uzi wako ndani," alisema. "Nikifika Nairobi watafikiri nimeoa."

"Ukioa, nitakufumia vya viti," Filda akajibu, na akashangaa kwamba ulimi ulikuwa bado unafanya kazi.

Alimkuta Kidega kwenye karakana akikunja blanketi.

"Afande, kwa nini hukuniandika?"

Kidega aliokota bisibisi zake. "Tulikuwa kambini kaskazini, mvua haikatiki. Kijana mmoja wa redio alianika soksi zake juu ya redio, maana pana joto. Redio ikafa. Wakamfunga siku kumi na nne. Wakaandika amri: soksi marufuku. Soksi zikakoma. Wiki iliyofuata mwingine akaanika bereti."

"Na huyo wa soksi alikuwa nani?"

"Kijana mwembamba tu," Kidega alisema. "Wa Kitgum."

Mashine zilifika mwezi wa Septemba. Tano, zote mbaya sura, zikiwa na miguu ya mpira wa tairi. Jumatatu ya kwanza Filda alitoa vichujio vyote na kuweka vya akiba, akaviosha vile vichafu, akavitundika kwenye kamba nyuma ya wodi, akakaa karibu navyo akivilinda dhidi ya kunguru na upepo. Vilipokauka akaenda kitanda kwa kitanda. Mwanamke wa Ggaba aliyekuwa kwenye mashine ya nne alimfuata kwa macho, mirija puani, mikono imetulia juu ya shuka.

Kidega alipita nyuma yake na tochi. Alivuta kijidroo kimoja kimoja, akatazama, akafunga. Kwenye cha tatu akasimama.

"Hiki kimegeuka. Upande wa kijivu unaangalia nje."

"Nimekitazama, Afande."

"Kitazame tena."

Akakitazama. Kilikuwa kimegeuka. Alikitoa, akakigeuza, akakirudisha.

"Sasa toa vyote vitano," Kidega alisema, akikalia stuli ya mgeni, "uvirudishe bila kuviangalia. Kwa vidole tu. Umeme wa hapa unaujua."

Filda alifuta mikono kwenye gauni lake la kazi na kuanza upya, na mashine ya kwanza.